Jeneza Halirudi Tupu

Msomaji wangu, wiki nzima nimeulizwa maswali kuliko mshukiwa kituoni. Mama mmoja wa Kiganjo alinishika koti nje ya duka la dawa akaniambia, "Wewe mwandishi huna huruma. Umemwacha Zacharia ndani ya jeneza, atapumua na nini?" Mama, tuliza moyo. Kitambaa kilikuwa chepesi na hewa ilikuwa tele. Kilichomkaba Zacharia siku ile hakikuwa kitambaa. Kilikuwa Kagwe.

Ilikuwa saa sita na robo mchana, Desemba ya mwaka 1992, siku ya wagombea ubunge kupeleka karatasi zao Thika mjini. Mlango wa ofisi ungefungwa saa saba kamili. Jeneza la msikiti lilikuwa mabegani mwa wanaume wanne, na chini ya kitambaa cha kijani alilala Zacharia Gachiri, mzima kama wewe na mimi, amezungushiwa sanda hadi kidevuni, karatasi zake zimebanwa kifuani. Mbele ya jeneza alisimama Kagwe, mkubwa wa vijana wa chama tawala, na rungu lililopigiliwa misumari.

"Weka chini hiyo kitu," Kagwe alisema.

Wanyoike, aliyebeba mbele upande wa kulia, alihisi mti wa jeneza ukitetemeka begani mwake. Aliyetetemeka ni maiti.

Wewe uliyeingia leo, sogea nikufungulie mlango. Huyu Zacharia, ambaye watu wa Ruiru walimbandika jina la Msumari, alikuwa na ulimi usiojua breki. Alimwambia mbunge wetu hadharani, katikati ya harambee, arudishe kiwanja cha shule alichokinyakua. Tajiri mmoja alipoleta tinga kung'oa makaburi ya Waislamu wa Thika, Zacharia, Mkristo, alilala mbele ya magurudumu na akafungwa miezi minane. Maadui walimwita mchochezi. Hata katika chama chake wapo walionong'ona kwamba alionekana akinywa chai na wakubwa katika hoteli moja ya Ruiru. Ukweli wa chai hiyo utatoka, kila kitu na siku yake.

Mbunge alitaka kupita bila kupingwa. Akipita hivyo, Gatongora, kijiji cha Wanyoike, imekwenda, maana ramani ya kuwagawia wakubwa ardhi yake ilikuwa imeshachorwa. Wanyoike aliiona kwa macho yake. Nyumba yake ya vyumba vitatu, aliyoijenga kwa mawe aliyoyachonga mwenyewe machimboni, ilikuwa mahali palipoandikwa "kituo cha petroli". Ndiyo maana yeye, mtu wa mawe asiyependa siasa, alitia sahihi kuwa mpendekezaji wa Zacharia. Rafiki yake Omondi, waliyechonga naye mawe miaka tisa, akatia sahihi kuwa muungaji mkono.

Siku mbili kabla, gari la Zacharia lilichomwa moto pale Mugutha. Alitoroka kwa miguu hadi Kiganjo, akafichwa na mjane mmoja aitwaye Mishi. Kila njia ya kwenda ofisini ilikuwa imezibwa na vijana wa Kagwe. Ni Mishi aliyekumbuka kwamba njia ya makaburi ya Waislamu inapita mbele ya ofisi ile ile. Na baba yake, Mzee Salehe, ndiye mwosha maiti na mtunza jeneza la msikiti.

Mzee alikataa. Akakataa tena. Kisha akakumbuka lile tinga na ile miezi minane.

"Nitawapa," alisema asubuhi ile, uso umemkunjamana. "Lakini kitu hiki hakichezewi. Nina miaka thelathini nacho. Jeneza likitoka bila maiti, halirudi tupu. Sikieni na mjue."

Wanyoike na Omondi walidhani ni maneno ya wazee. Wakavaa kanzu na kofia za kuazima. Mzee akawafundisha namna ya kubeba, mwendo wa haraka, na maneno ya kuitikia. Nyuma ya jeneza wakawekwa Samir na Mahir, maseremala wawili wa mtaa wa Majengo, Waislamu wa kuzaliwa. Wakatoka. Wakafika njia panda, mita mia mbili tu kutoka ofisini. Wakakutana na rungu.

Basi, turudi kwa rungu.

"Nimesema weka chini!"

Wakaliweka chini kwa miguu yake minne. Vijana kama ishirini wakazunguka, wana mapanga na minyororo ya baiskeli. Askari wawili walisimama kwenye lango la ofisi, wameangalia paa la benki kana kwamba lina sinema.

"Nani amekufa?" Kagwe aliuliza.

"Mja wa Mungu," Mzee Salehe alijibu.

"Ako na jina huyo mja? Fungua tuone."

"Funua mwenyewe." Mzee alisogea kando kabisa, akamwachia nafasi. "Amekwenda na kipindupindu alfajiri. Hajaharisha tena tangu tumfunge, lakini sikuahidi. Ukifunua, utamwosha wewe."

Mkono wa Kagwe ulikwisha kushika ncha ya kitambaa. Ukaachia.

"Kagwe, wachana na hiyo maneno!" kijana mmoja alipiga kelele akirudi nyuma. "Hiyo itatumaliza sisi wote!"

"Ngai!" mwingine akatema mate chini mara tatu.

Wanyoike alimwona Kagwe akijifuta vidole kwenye suruali, akapata kupumua. Saa ya mkononi mwa Kagwe ilisema saa sita na dakika ishirini na mbili. Mita mia mbili tu! Hata ukitembea kama bibi harusi unafika.

"Mzee Salehe, usinichukie," Kagwe alisema, na sauti yake ilibadilika. "Mimi ni mtoto wa Majengo. Mama yangu aliuza githeri nje ya mlango yako miaka mingapi? Siwezi kosea maiti heshima. Pita. Lakini tusomee dua hapa kwanza, kidogo tu. Leo ni siku mbaya, hata sisi tunahitaji."

Nakuambia msomaji, alisema kwa moyo safi. Mtu anaweza kuwa na rungu la misumari na bado akaogopa Mungu, nimewaona wengi.

Mzee Salehe hakuwa na njia ya kukataa. Akainua viganja. Samir na Mahir wakainua viganja. Kagwe naye akaweka rungu kwapani, akainua viganja, akafumba macho kama alivyoona watu wakifanya tangu utotoni.

Na Wanyoike akavua kofia.

Hakuamua. Mkono ulikwenda wenyewe. Babake Wanyoike alikuwa mzee wa kanisa, na Wanyoike alipigwa kofi mara moja tu maishani, akiwa na miaka sita, kwa kusahau kofia kichwani wakati wa sala. Tangu siku ile, akisikia maombi, mkono unapanda. Omondi, aliyekuwa akimwiga katika kila kitu tangu asubuhi kwa kuogopa kukosea, alimwona rafiki yake amevua. Akavua na yeye. Wakasimama hivyo wawili, vichwa wazi, kofia zimebanwa kifuani kwa adabu, kama wanasubiri sadaka ipitishwe.

Mzee Salehe alikuwa amewafundisha yote. Hilo hakulifundisha, kwa sababu halikumjia akilini. Nani angemwonya mtu asivue kofia mbele ya Mungu, wakati kwao hakuna anayevua?

"Amin," Kagwe alisema, akafumbua macho.

Akamtazama Wanyoike. Akamtazama Omondi. Akawatazama Samir na Mahir, kofia zao zimetulia vichwani.

"Wewe," alisema polepole. "Kwa nini umetoa kofia?"

Wanyoike aliitazama kofia mkononi mwake.

"Nimezika watu na hawa wazee tangu nikiwa hivi." Kagwe alipima kimo cha goti. "Sijawahi ona mtu ametoa kofia kwa dua. Hata siku moja! Nyinyi ni watu wa kanisa. Mnabeba nini?"

"Kagwe, mwanangu..." Mzee Salehe alianza.

Kagwe hakusubiri. Aliinua rungu kwa mikono miwili akalishusha katikati ya kitambaa cha kijani.

Tulisikia mfupa. Nasema tulisikia kwa sababu walioniambia bado wanausikia. Rungu lilitua juu ya mguu wa Zacharia, na maiti akaketi kitako ndani ya sanda akapiga ukelele ambao ulisimamisha mji.

Sasa wewe fikiri ni kijana wa kukodiwa kutoka kwenu, umeambiwa huyu amekufa kwa kipindupindu, umetoka kumsomea dua, na sasa ameketi anakukodolea macho! Mapanga yalianguka. Minyororo ilianguka. Mmoja alipanda mti wa jakaranda na kiatu kimoja. Kufumba na kufumbua, kati ya ishirini walibaki sita, na hao sita walibaki kwa sababu miguu ilikataa.

"Ni Msumari!" Kagwe alinguruma. "Ni Zacharia, wajinga nyinyi! Kamata yeye!"

Zacharia alikuwa amesharuka. Alikimbia na mguu mmoja na nusu, sanda inapepea, karatasi mkononi, na watu wakampisha njia wakijifunika nyuso. Nani amzuie mfu? Hata wale askari wawili wa langoni waligundua ghafla kwamba wana kazi ndani.

Kagwe alimfuata hadi karibu na kona ya ofisi. Wanyoike alimrukia mgongoni, wakaanguka wote wawili kwenye lami. Mkono wa mchonga mawe si mkono wa karani. Ngumi ya kwanza ilimtoa Kagwe jino. Ya pili ilimtoa damu puani. Lakini rungu lilizunguka chini chini likamshika Wanyoike begani, misumari ikaingia, na mkono wake wa kulia ukalala kando kama si wake.

"Wewe na kofia yako," Kagwe alisema, akimkalia kifuani. "Hata kudanganya hamjui."

Akainua rungu.

Pale kwenye kona ya ofisi palikuwa na karai la bajia, na nyuma ya karai alikuwa Mishi. Kwa desturi yao mwanamke hasindikizi jeneza, na Mishi hangekubali kuketi nyumbani akingoja habari. Alikuwa ametega biashara yake pale tangu saa tatu, macho njiani. Sasa alikuja na karai lenyewe, mikono imezungushiwa leso, mafuta bado yanachemka.

"Kagwe!" alimwita kwa jina, kwa sababu walikua mtaa mmoja.

Kagwe aligeuka. Nusu ya uso wake haijawahi kurudi kuwa kama ilivyokuwa.

Ukelele ule ulikuwa mbaya kuliko wa Zacharia. Harufu ilikuwa mbaya zaidi. Wanyoike alijivuta pembeni kwa kiwiko, akaanza kuinuka. Hakumwona aliye nyuma yake.

Omondi alimwona.

Alikuwa kijana mmoja wa wale sita, hata jina lake hatujui, amepata fahamu zake na panga lake kwa wakati mmoja. Panga lilishuka kuelekea shingo ya Wanyoike. Omondi aliingia katikati. Hakuwa na silaha, alikuwa na ile kofia ya kuazima tu mkononi, hakuwahi kuirudisha kichwani. Panga lilimwingia chini ya mbavu. Akalishika kwa mikono yote miwili asilitoe, akamtazama kijana yule kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Jamani, wewe," Omondi alimwambia. "Kwani nimekukosea nini?"

Kijana aliachia mpini, akakimbia akilia.

Wanyoike alimdaka Omondi kwa mkono mmoja uliobaki. Kanzu nyeupe ilikuwa nyekundu hadi magotini.

"Omondi. Omosh! Niangalie. Omosh!"

Omondi hakuangalia mahali popote. Kichwa kilimwangukia Wanyoike begani, kwenye lile bega lililotobolewa, na Wanyoike hakuhisi maumivu. Alihisi jambo moja tu. Kofia. Kofia yake yeye. Mkono wake yeye. Miaka tisa ya mawe, ugali mmoja, sufuria moja, na amemuua rafiki yake kwa adabu za kanisa. Alilia wazi, mwanaume mzima katikati ya barabara, na hakujali nani anaona.

Mzee Salehe alifika, kipaji cha uso kimepasuka katika vurugu, Samir na Mahir nyuma yake na jeneza. Aliinama, akaweka vidole shingoni mwa Omondi, akaviacha hapo. Kisha akanyoosha kile kitambaa cha kijani kilichotobolewa na misumari.

"Mlazeni," alisema.

"Mzee, huyu si Mwislamu. Ni..."

"Nimekuuliza dini yake? Mlazeni. Niliwaambia halirudi tupu."

Samir na Mahir wakamlaza. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na tatu, na kutoka dirisha la ofisi sauti ya Zacharia ilifika hadi barabarani.

"Sheria hiyo imezaliwa saa ngapi? Nakuuliza! Asubuhi mbunge alikuja hapa peke yake, na ukampa chai!"

Mishi, aliyekuwa amekimbilia ndani kumwona Zacharia, alitokea langoni akihema, viganja vimebabuka kwa joto. "Wanyoike, unaitwa! Msimamizi anasema hapokei karatasi mpaka mpendekezaji na muungaji mkono wasimame mbele yake. Wote wawili. Anasema dakika kumi."

Wanyoike aliingia ukumbini akitiririka damu. Zacharia alikuwa ameegemea meza, kanda za sanda zinaburuta, mguu umevimba kama kibuyu. Nyuma ya meza aliketi msimamizi wa uchaguzi, mtu mwembamba mwenye miwani, na juu ya kichwa chake saa ya ukutani.

"Mimi ndiye mpendekezaji," Wanyoike alisema. "Wanyoike wa Gatongora."

"Vizuri. Na muungaji mkono?"

"Omondi yuko wapi?" Zacharia alidakia. "Mwite haraka, bwana! Tunamhitaji asimame..."

"Omondi ameuawa, Mheshimiwa."

Zacharia alifunika uso kwa viganja, na kwa mara ya kwanza tangu Ruiru imjue, Msumari alikosa neno. Kisha akakumbuka karatasi, akazitazama. Wanyoike alimwona akizitazama, na kitu fulani kilimwuma ndani kuliko misumari ya Kagwe. Kwa mtu huyu, Omondi alikuwa sahihi tu kwenye karatasi. Kwake yeye Wanyoike alikuwa Omosh.

"Pole sana," msimamizi alisema, akifunga kalamu yake kwa raha. "Basi fomu haijakamilika. Muungaji mkono ni lazima awe mbele yangu."

"Atakuwa mbele yako," Wanyoike alisema.

Alitoka. Alirudi na jeneza. Alibeba mbele kwa bega zima, Mzee Salehe mwenyewe upande wa pili, Samir na Mahir nyuma, na watu wote ukumbini wakasimama bila kuambiwa. Wakaliweka chini mbele ya meza.

"Huyu hapa. Omondi wa Gatongora. Yuko mbele yako."

Msimamizi alivua miwani. "Wewe una wazimu? Hii ni ofisi! Nilisema mtu, sikusema maiti! Mzee, waambie. Wewe si ndiye mwosha maiti? Waambie huyu amekufa waondoke."

Mzee Salehe alijifuta damu kwenye jicho.

"Bwana mkubwa, nimeosha maiti miaka thelathini," alisema. "Maiti namjua kwa kumgusa. Huyu nimemgusa. Nilisema alazwe, kwa sababu hawezi kusimama. Kuna aliyenisikia nikisema amekufa?"

Wanyoike alipiga magoti. Aliingiza mkono chini ya kitambaa, akatafuta mkono wa rafiki yake, mkono wenye sugu za nyundo ambao angeutambua hata gizani. Ulikuwa baridi. Akaukamata.

Vidole vikamkamata na yeye.

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tatu. Nje ya lango sauti za vijana zilikuwa zinarudi, nyingi kuliko mwanzo, na mbele yao sauti ya mtu aliyeungua akilitaja jina la Wanyoike. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Damu ilidondoka kutoka jenezani tone kwa tone, kwenye sakafu iliyopigwa rangi upya kwa ajili ya siku hiyo.

Wanyoike alifunua kitambaa kutoka usoni mwa Omondi, akamwinulia msimamizi macho.

"Muulize jina lake," alisema. "Lakini uliza haraka."